HESABU INAPOCHORA: KISA CHA PICHA ZA FRAKTALI



Ukimuuliza kijana wa sekondari kwa nini haipendi hesabu, mara nyingi atakujibu kwa swali: "Kwani itanisaidia nini?" Swali hilo si la vijana peke yao. Hata wanahesabu wakubwa waliwahi kuulizana hivyo hivyo kuhusu kazi za wenzao. Na katika kisa tunachokisimulia leo, jibu lilichukua zaidi ya miaka sitini kupatikana.

Kisa chenyewe ni cha picha zinazoitwa fraktali. Huenda umewahi kuziona bila kujua jina lake: mizunguko ndani ya mizunguko, mapambo yanayozaa mapambo, rangi kali zinazomwagika kama moto au kama maji. Hazikupigwa kwa kamera wala hazikuchorwa kwa brashi. Kila nukta yake imetokana na hesabu. Wako watu duniani, wa kazi mbalimbali, waliofanya uchoraji huu kuwa mazoea ya kila siku. Kazi ikishaisha jioni, wanakaa mbele ya kompyuta, wanaandika kanuni fupi, na kabla ya kulala wana picha moja mpya.

Je, mazoea haya yalitoka wapi, na yanatufunza nini? Hebu tufuatane.

FRAKTALI NI KITU GANI?

Nenda sokoni ununue koliflawa. Kata kipande kimoja kidogo ukitazame. Utakuta kinafanana na koliflawa nzima. Kata kipande cha kile kipande, nacho ni vivyo hivyo. Tawi la mti lina sura ya mti, na kijitawi kina sura ya tawi. Mto una vijito, na kila kijito kina vijito vyake. Basi kitu ambacho sehemu yake ndogo inafanana na kitu kizima, na ambacho ukizidi kukikaribia kinazidi kukuonyesha mapya badala ya kuwa laini, hicho ndicho fraktali.

Chukua pia mfano wa pwani yetu. Kutoka Vanga hadi Kiunga ni kilomita ngapi? Kitabu kimoja kitakwambia 536, kingine kitakwambia zaidi ya 600. Nani mwongo? Hakuna! Anayepima kwa kamba ndefu huziruka hori za Mtwapa, Kilifi na Mida. Anayepima kwa kamba fupi huingia ndani ya hori na kutoka upande wa pili. Na lau mtu angefuata kila jiwe na kila mzizi wa mkoko, jibu lingekuwa kubwa zaidi.

Jambo hili lilimshangaza Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson. Akipekua vitabu aligundua kwamba Uhispania na Ureno zilitaja urefu tofauti wa mpaka ule ule mmoja: kilomita 987 upande mmoja na kilomita 1,214 upande wa pili. Richardson alifariki mwaka 1953, na utafiti wake huu ukachapishwa 1961. Wachache sana waliutilia maanani. Lakini mtu mmoja aliuokota, nasi tutamfikia.

MAZIMWI YA HESABU

Maumbo ya namna hii yalianza kuingia katika hesabu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1883 Georg Cantor wa Ujerumani alieleza mfano wa mstari unaoondolewa theluthi yake ya katikati, kisha kila kipande kinachobaki kinaondolewa theluthi yake ya katikati, na kuendelea hivyo bila kukoma. Kinachobaki ni kama vumbi tu.

Mwaka 1904 Helge von Koch wa Sweden akaleta umbo lake. Wewe mwenyewe unaweza kulichora. Chora pembetatu yenye pande tatu sawa. Gawa kila upande mafungu matatu. Juu ya fungu la katikati simamisha pembetatu ndogo, kisha futa mstari wa chini yake. Umepata nyota. Sasa rudia vivyo hivyo kwa kila upande wa hiyo nyota, halafu rudia tena. Kila unaporudia, urefu wa ukingo unazidi kwa theluthi moja. Ukianza na sentimita 30 utapata 40, kisha 53 na kitu, kisha 71, na hakuna mwisho. Lakini umbo lenyewe halitoki nje ya karatasi yako! Eneo lake haliwezi kuzidi mara 1.6 ya ile pembetatu ya kwanza. Ukingo usio na mwisho umezunguka eneo lenye mwisho.

Mwaka 1915 Wacław Sierpiński wa Poland naye akaleta pembetatu yake yenye matundu ndani ya matundu. Wengi wa wakati ule waliyaona maumbo haya kama mazimwi, mambo ya ajabu ya kuwekwa kando, yasiyo na uhusiano wowote na dunia tunayoishi.

ASKARI ALIYEPOTEZA PUA

Gaston Julia alizaliwa mwaka 1893 huko Sidi Bel Abbès, Algeria, nchi hiyo ilipokuwa chini ya Ufaransa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka aliitwa jeshini. Mnamo Januari 1915 alipigwa risasi ya uso akapoteza pua. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi bila kufaulu, na kwa maisha yake yote akawa anavaa kitambaa cha ngozi katikati ya uso.

Wengine wangekata tamaa. Julia aliendelea na hesabu zake katikati ya matibabu, na mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 25, alichapisha kazi ya kurasa 199 iliyompa tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Wakati huo huo Pierre Fatou, aliyefanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota mjini Paris, alikuwa amefikia mengi ya matokeo hayo kwa njia yake mwenyewe.

Swali lao lilikuwa jepesi kulisema. Ukiingiza nambari katika kanuni, jibu utakalopata ukaliingiza tena katika kanuni ile ile, na jibu jipya ukaliingiza tena, mwisho wake ni nini? Nambari itakimbilia mbali isikamatike, ama itatulia? Na mpaka kati ya zinazokimbia na zinazotulia una sura gani?

Walijua kwa akili kwamba mpaka huo ni wa ajabu. Kuuona kwa macho ndiko kulikowashinda. Fikiria picha ndogo ya kompyuta yenye nukta 640 kwa 480. Hizo ni nukta 307,200. Hata kama mtu angeweza kumaliza hesabu ya nukta moja kwa dakika moja, angehitaji siku 213 bila kulala wala kula. Na hiyo ni picha moja tu! Kwa hivyo kazi ya Julia na Fatou ilisifiwa, ikawekwa maktabani, na taratibu ikasahauliwa na wengi. Fatou alifariki mwaka 1929. Julia aliishi hadi 1978.

KIJANA MKIMBIZI

Benoit Mandelbrot alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1924, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1936 familia ilihamia Ufaransa. Wajerumani walipoivamia nchi hiyo, ilibidi kuishi kwa kujificha huko Tulle, na masomo ya kijana yakawa ya kukatikakatika. Lakini alikuwa na kipaji kimoja: swali la hesabu likiletwa mbele yake, aligeuza maneno na alama kuwa picha kichwani.

Baada ya vita aliingia École Polytechnique mjini Paris, ambako Julia alikuwa mmoja wa walimu. Ami yake, Szolem Mandelbrojt, aliyekuwa mwanahesabu mashuhuri, alimshauri aisome ile kazi ya 1918. Kijana hakuvutiwa. Akaiacha kwa miaka mingi.

Mwaka 1958 alijiunga na kampuni ya IBM huko Marekani. Alichunguza bei za pamba, kelele katika nyaya za simu, na mambo mengine yasiyoonekana kuwa na uhusiano. Kila alikogeuka aliona jambo lile lile: mchoro wa mabadiliko ya siku moja unafanana na wa mwezi, na wa mwezi unafanana na wa mwaka. Mwaka 1967, akitegemea kazi ya Richardson, aliandika makala katika jarida la Science akiuliza urefu wa pwani ya Uingereza. Ukipima kwa rula ya kilomita 100 unapata kama 2,800. Ukipima kwa rula ya kilomita 50 unapata kama 3,400.

Mwaka 1975 akayapa maumbo haya jina: fraktali, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kilichovunjika. Akaonyesha kwamba yale mazimwi ndiyo sura ya mawingu, milima na pwani. Mstari ulionyooka una dimensheni 1 na uso wa meza una 2, lakini ukingo wa Koch una 1.26 hivi. Ni zaidi ya mstari, lakini haujafika kuwa uso.

KANUNI YENYEWE

Sasa tufike kwenye kiini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mandelbrot alirudi kwenye kazi ya Julia, safari hii akiwa na kompyuta mkononi. Kanuni aliyoitumia ni fupi kuliko anwani ya barua: z² + c. Yaani chukua nambari uliyo nayo, izidishe kwa yenyewe, kisha ongeza nambari ya mahali unapopachunguza. Jibu ndilo nambari uliyo nayo sasa. Rudia. Kila mara unaanzia sifuri.

Ijaribu kwa kalamu unaposubiri adhana ya magharibi. Tuseme nambari ya mahali ni 1. Utapata 0, 1, 2, 5, 26, 677. Imekimbia, huipati tena. Sasa iwe -1. Utapata 0, -1, 0, -1, 0, -1. Itacheza hapo hapo milele. Iwe 0.25, utapata 0, 0.25, 0.3125, na itapanda polepole ikikaribia nusu bila kuifikia. Iwe 0.26, tofauti ndogo kama hiyo, na kwa muda itaonekana kama imetulia. Lakini haijatulia. Baada ya hatua kama 30 inavuka 2, na ikishavuka 2 hairudi.

Nambari zinazotumika katika picha yenyewe zina sehemu mbili na huitwa nambari changamano. Kwa hivyo kila nambari ni mahali katika ramani: sehemu moja ni ya kwenda mashariki au magharibi, nyingine ya kwenda kaskazini au kusini. Kila nukta ya ramani inapimwa kwa kanuni ile. Isiyokimbia inapakwa rangi nyeusi. Inayokimbia inapewa rangi kulingana na idadi ya hatua ilizochukua kabla ya kuvuka 2. Basi, hiyo ndiyo siri nzima!

Wamarekani wawili, Robert Brooks na Peter Matelski, walikuwa wametoa mchoro hafifu wa umbo hili mwaka 1978. Mandelbrot aliuona kwenye karatasi zake mwaka 1980, na yeye ndiye aliyelichunguza kwa kina. Pembeni mwa umbo kulikuwa na vidoa vilivyofanana na uchafu wa mashine ya kuchapisha. Alipovikuza, akakuta kila kidoa ni nakala ndogo ya umbo lote, yenye vidoa vyake pembeni. Baadaye Adrien Douady na John Hubbard walithibitisha kwamba vidoa hivyo vyote vimeungana na umbo kubwa kwa nyuzi nyembamba mno, nao ndio waliolipa umbo jina la Mandelbrot.

KUTOKA MAABARA HADI SEBULENI

Mpaka hapo ilikuwa kazi ya wataalamu wenye kompyuta za mamilioni. Mlango ulifunguka Agosti 1985, pale jarida la Scientific American lilipoweka picha hii kwenye jalada, na ndani yake A. K. Dewdney akaeleza hatua kwa hatua jinsi msomaji anavyoweza kuandika programu yake mwenyewe. Watu wakakimbilia kompyuta zao. Kompyuta za nyumbani za miaka ile zilikuwa pole pole. Mtu aliiacha ikihesabu usiku kucha, akaamka asubuhi kuona imechora nini.

Mwaka 1988 Bert Tyler alianzisha programu ambayo baadaye iliitwa Fractint. Ujanja wake ulikuwa kutumia hesabu za nambari nzima, ambazo kompyuta za wakati huo zilizifanya upesi zaidi kuliko zile zenye desimali. Kisha akaitoa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, na wengine wakaongezea. Waandishi wake walijiita kwa jina la hadithi ya supu ya jiwe, ile ya msafiri aliyebandika jiwe motoni, mwanakijiji mmoja akatia karoti, mwingine chumvi, mpaka chungu kikawa cha wote. Mwaka 1992 Scott Draves akaleta kanuni za fraktali zinazofanana na ndimi za moto. Mwaka 1996 ikatoka XaoS, inayokuwezesha kuzama ndani ya picha huku inaendelea kuchorwa. Leo simu ya mkononi inamaliza kwa kufumba na kufumbua kazi iliyokuwa ya usiku mzima.

MAZOEA YA KILA SIKU

Je, huyu mpenzi wa fraktali anafanya nini hasa jioni yake? Kwanza anachagua kanuni. Anaweza kuacha z² akajaribu z³, ama akaingiza sini na kosini alizosoma shuleni. Pili anachagua mahali. Wengi huanzia karibu na -0.75, mahali panapoitwa Bonde la Farasi wa Bahari kwa sababu ya mikia yake iliyojikunja. Tatu anachagua idadi ya hatua kabla ya kusema "hii haikimbii". Akiweka chache mno, picha inakuwa butu. Akiweka nyingi mno, anangoja bila faida. Nne anapanga rangi, na hapa ndipo penye kazi kubwa, maana mahali pale pale panaweza kuonekana kama bustani ama kama jalala.

Kompyuta ya kawaida hushika tarakimu 15 au 16 hivi. Ukizidi kuzama mpaka ukavuka hapo, picha inageuka matofali matofali, na inabidi kutumia hesabu ndefu zaidi zinazochukua muda. Ikishakamilika, hahitaji kuhifadhi picha yenyewe. Anahifadhi mapishi yake tu: kanuni, mahali, idadi ya hatua na rangi. Ni mistari michache ya maandishi. Ukimpa rafiki yako mistari hiyo akiwa Garissa ama Dubai, akiiweka katika programu ile ile atapata picha ile ile.

Wako wasemao hii si sanaa, kwamba mashine ndiyo inayochora. Ni hoja ya kuzingatiwa. Lakini kamera nayo ni mashine, na bado tunamjua mpiga picha mzuri na mbaya. Ndani ya umbo hili mna mahali pasipo idadi, na pengi hapavutii. Jicho la kujua wapi pa kusimama haliji kwa kubonyeza kitufe. Linakuja kwa kutazama kila siku. Na siku hizi ambapo kuna programu za kutoa picha kwa kuambiwa maneno tu, fraktali ina sifa yake ya pekee: kila nukta unaweza kuifuata nyuma, hatua kwa hatua, ukajua imetoka wapi.

NA SISI JE?

Msomaji atauliza, je, Waislamu na Waafrika wana fungu katika kisa hiki? Wanalo, lakini tusizidishe chumvi.

Utaratibu wa kufuata hatua moja baada ya nyingine mpaka kufikia jibu huitwa algorithimu. Neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika Bayt al-Hikma zama za Khalifa al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9. Huko Isfahan, Iran, kuna jengo la Darb-i Imam la mwaka 1453. Mwaka 2007 Peter Lu na Paul Steinhardt walieleza katika jarida la Science kwamba katika ukuta wake nakshi kubwa imejengwa kwa vipande vidogo vya maumbo ya aina zile zile. Na mwaka 1999 Ron Eglash alichapisha kitabu kuhusu fraktali za Afrika. Humo ameonyesha kijiji cha Waila wa kusini mwa Zambia, ambapo kila boma ni duara la nyumba na kijiji kizima ni duara la maboma, na misuko ya nywele ambayo kila fundo ni nakala ya lililotangulia.

Je, hao ndio waliogundua fraktali? La hasha. Nakshi ya Isfahan ina ngazi mbili, haishuki bila kikomo, na fundi wake hakuwa na z² + c. Kudai hivyo ni kuwanyima Julia na Mandelbrot haki yao. Lililo kweli linatosha: kupenda kitu kikubwa kinachozaliwa na kidogo kinachorudiwa hakujaanza IBM. Kumepita katika mikono ya watu wengi, kila mmoja akitia chake chunguni.

TUNAONDOKA NA NINI?

Turudi kwa yule kijana wa sekondari. Mwaka 1918 mtu angemuuliza Julia kazi yake itasaidia nini, asingekuwa na picha hata moja ya kumwonyesha. Miaka 62 baadaye hesabu ile ile ilikuwa inachora. Milima ya bandia katika filamu ya Star Trek ya mwaka 1982 ilijengwa kwa fraktali, na baadaye watengenezaji wa antena nao wakaanza kuyatumia maumbo haya kwa sababu yanaingiza waya mrefu mahali padogo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kanuni hii ni methali hiyo hiyo ikiandikwa kwa alama: hatua ndogo, ikirudiwa kwa uaminifu, inafika pasipotarajiwa. Na kati ya 0.25 na 0.26 tumeona kwamba tofauti ndogo huchukua muda kujitokeza, lakini hujitokeza. Hiyo ni kweli kwa nambari, na ni kweli kwa mazoea ya mtu.

Programu ni za bure na kanuni ni ya herufi mbili. Anza na karatasi usiku huu, ujaribu -2 halafu -2.1. Moja itatulia, nyingine itakimbia. Ukishajua ni ipi na kwa nini, umeshaanza kuchora.